Akaunti, nenosiri na ruhusa kwenye NAS ya ofisi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kufunga na kurekebisha mitandao ya ofisi ndogo, kuanzia Tunduma na Mbeya mjini mpaka Makambako, Mafinga na Iringa. Zamani mafaili ya ofisi yalikaa kwenye flashi na kwenye kompyuta ya mhasibu. Siku hizi SACCOS, AMCOS za kahawa, studio za picha, zahanati na ofisi za mawakili zinanunua NAS, yaani kisanduku chenye diski mbili au nne kinachochomekwa kwenye ruta ili kila mtu ofisini afungue mafaili kutoka sehemu moja. Wengi wanakiita "seva", nami sibishani nao. Kukinunua na kukiwasha si kazi. Simu ninazopigiwa baadaye karibu zote zinahusu mambo yaleyale: nani aingie, aingieje, na akishaingia aguse nini.

"Kuthibitisha mtumiaji" ni kuweka nenosiri tu, au kuna zaidi?

Chukua ghala la kahawa kule Mbozi. Getini kuna mlinzi. Kazi yake ni kujua wewe ni nani. Anaangalia kitambulisho, unapita. Ndani unakutana na karani wa ghala, naye hana haja na sura yako, anataka karatasi inayosema uchukue magunia mangapi na kutoka rundo lipi. Halafu kuna daftari: nani kaingia saa ngapi, katoka na nini. NAS ina hao wote. Mlinzi ndiye uthibitishaji, karani ndiye ruhusa, na daftari ndizo kumbukumbu za matukio. Ofisi nyingi huweka mlinzi, zikamsahau karani, na daftari hakuna anayelifungua mpaka siku kitu kimepotea.

Ukinipigia, niambie kwanza umekwama wapi. Ukiambiwa nenosiri si sahihi, tatizo liko getini. Ukiingia vizuri lakini folda ya mishahara ikagoma kufunguka, nenosiri halina kosa, nenda kwa karani. Watu hubadilisha nenosiri mara tano wakati shida ilikuwa ruhusa ya folda moja.

Sisi tuko saba tu na tunaaminiana. Kuna ubaya gani tukitumia akaunti moja?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu langu lina kisa.

Ofisi moja hapa Mbeya, sitaitaja, ilikuwa na akaunti moja iitwayo "ofisi", na nenosiri lake lilibandikwa pembeni ya kioo cha kompyuta ya mapokezi. Siku moja folda ya mikopo ya robo mwaka ikatoweka. Wakaniita. Nikafungua daftari la NAS, nikakuta limeandika bila kuficha: 14:12, "ofisi" amefuta mafaili. Sasa "ofisi" ni nani? Ni watu saba. Macho yote yakamgeukia binti aliyekuwa pale kwa mafunzo ya vitendo, kwa sababu ndiye mgeni, na ndiye aliyekaa kwenye kompyuta mchana ule. Alilia mbele ya watu wazima.

Anwani ya IP, yaani namba ya kompyuta kwenye mtandao, ilikuwemo kwenye daftari, lakini ruta ilikuwa imeshagawa anwani upya, kwa hiyo haikunisaidia moja kwa moja. Nilihangaika siku mbili. Mwishowe nikakuta laptopu ya meneja ina programu ya kusawazisha mafaili, iliyopangwa kwamba kinachofutwa upande mmoja kifutwe na upande wa pili. Meneja alikuwa amefuta folda kwenye laptopu yake ili apate nafasi, na programu ikatii amri mpaka kwenye NAS. Folda tuliirudisha kutoka kwenye nakala ya usiku. Yule binti alikuwa ameshaomba kuhamishiwa kituo kingine.

Kila mmoja angekuwa na akaunti yake, jambo lile lingechukua dakika mbili, na meneja angecheka mwenyewe. Kuaminiana kwenu sikupingi. Ninachosema ni kwamba akaunti yako ndiyo shahidi wako siku mambo yakiharibika, na anayeihitaji zaidi ni yule mdogo ambaye hana wa kumtetea.

Kuna na upande wa sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Ukitunza namba za NIDA, mikopo au mafaili ya wagonjwa, unatakiwa uzilinde taarifa hizo zisifikiwe na asiyehusika. Sijui utaelezaje kwamba umezilinda ikiwa anayezifungua hana jina.

Nianze vipi kutengeneza akaunti?

Chukua karatasi kabla ya kugusa kifaa. Andika majina ya watu upande mmoja, folda upande wa pili, kisha chora mistari. Nusu saa hiyo ni ya kukaa na bosi, maana fundi hawezi kujua kwamba mhasibu msaidizi haruhusiwi kuona mishahara.

Majina ya akaunti yawe ya mfumo mmoja, herufi ndogo, bila nafasi: nmwakyusa, jsanga. Kama ukoo ni mmoja, na huku kwetu akina Mwakyusa na Sanga wako wengi, ongeza herufi ya jina la kati. Usitumie vyeo. "Mhasibu" akibadilika, mpya atarithi akaunti pamoja na historia ya mwenzake, na daftari litakuwa limechanganya watu wawili.

Ile akaunti ya "admin" iliyokuja na kifaa niifanyeje?

Tengeneza akaunti nyingine yenye mamlaka ya usimamizi, kwa jina lisilo la kubahatisha. Toka, ingia nayo, hakikisha inaweza kila kitu. Ndipo uizime "admin". Usigeuze mpangilio huo. Nimeshaitwa Mafinga kwa mtu aliyezima kwanza, akajaribu baadaye.

Sababu ni kwamba programu za wahalifu zinazojaribu kuingia kwenye vifaa huanza na jina hilo. Likiwa limezimwa, nusu ya kazi yao imekufa. NAS za kampuni ya Synology zenye mfumo wa DSM 7 huizima zenyewe unapoanza upya. NAS nyingi za QNAP, kampuni nyingine, za miaka ya karibuni zilikuja na nenosiri la mwanzo ambalo ni anwani ya MAC ya kifaa, yaani namba yake ya kiwandani, herufi kubwa, bila alama za kutenganisha. Anwani hiyo imechapwa kwenye stika nyuma ya kisanduku. Yaani anayefagia ofisi analo, na mgeni aliyesimama karibu na kabati analo. Badilisha siku hiyohiyo.

Jambo jingine: akaunti ya usimamizi si ya kufanyia kazi za kila siku. Hata wewe IT, kuwa na mbili. Kirusi kikiingia kwenye kompyuta yako kinapata mamlaka uliyoingia nayo wewe.

Nenosiri zuri ni lipi?

Refu. Urefu unashinda alama za ajabu. Ninayokuta ofisini ni Simba1234, Yanga2024 na Mbeya@123, na haya yote yanakidhi au yanakaribia sharti la herufi kubwa, herufi ndogo na tarakimu. Maneno manne yasiyohusiana, ambayo wewe unaweza kuyaona kichwani, yanafaa kuliko hayo: kitu kama "parachichi treni kandambili ukungu". Usichukue hilo, nimeshaliandika hapa.

Tabia ya kuwalazimisha watu wabadilishe kila mwezi niliiacha. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, tangu 2017 unashauri nenosiri libadilishwe pale kuna dalili kwamba limevuja, kuliko kwa kalenda. Ukilazimisha kila mwezi utapata Januari1, Februari2, Machi3.

Kuhusu alama, kuna mtego ambao huku kwetu unauma kweli. Laptopu nyingi za mtumba zinatoka Uingereza, na kibodi ya Uingereza imebadilishana sehemu za @ na alama ya kufungulia nukuu. Windows ikiwa imepangwa Kimarekani, unabonyeza @ iliyochapwa kwenye kitufe na kompyuta inaandika kitu kingine. Kwa kuwa nenosiri linaonekana kama nukta tu, hujui. Mama mmoja mhasibu pale Iringa aliamini wiki nzima kwamba kuna mtu anambadilishia nenosiri. Fungua Notepad, liandike pale ulione, kisha ulifute.

Niwape ruhusa mtu mmoja mmoja au kwa vikundi?

Vikundi, hata kama kikundi kina mtu mmoja. Tengeneza "uhasibu", "mikopo", "uongozi", toa ruhusa za folda kwa vikundi, kisha uwaingize watu. Mtu akihamishwa idara unamtoa huku unamwingiza kule, umemaliza.

Tatizo huja mtu akiwa kwenye vikundi viwili vinavyopingana. Kwenye Synology mpangilio ni huu: "hakuna ruhusa" inashinda yote, kisha "kusoma na kuandika", halafu "kusoma tu". Kwa hiyo afisa mikopo aliye pia kwenye uongozi, ikiwa mikopo umeinyima folda ya mishahara na uongozi umeipa, hataiona. Atakulalamikia, nawe utaapa umempa. Kunyima ni nyundo nzito. Mara nyingi inatosha kutotoa ruhusa. Mtu asiyepewa hana, hakuna haja ya kumwandikia katazo.

Na usithubutu kunyima kikundi cha "users". Kila akaunti imo humo, pamoja na ya kwako. Nilishafanya kosa hilo mwenyewe, Jumamosi jioni, mteja akinitazama.

Nina uhakika nenosiri ni sahihi lakini Windows inalikataa. Kwa nini?

Sababu ni kadhaa, na ninazipitia kwa mpangilio huu kwa sababu ndivyo zinavyojitokeza mara kwa mara.

Ya kwanza, unaandika PIN. Ile namba fupi unayoiingiza asubuhi kufungua laptopu ni ya laptopu hiyo peke yake. NAS haiijui na haitaijua. Inataka jina na nenosiri lililotengenezwa ndani yake.

Ya pili, Windows imekumbuka nenosiri la zamani na inalituma kimyakimya kabla hujaulizwa. Fungua Credential Manager, sehemu ambako Windows hutunza nenosiri, tafuta mstari wenye jina au anwani ya NAS, ufute, toka kwenye Windows na uingie tena.

Ya tatu, Windows inatanguliza jina la kompyuta yako mbele ya jina la mtumiaji, au inatuma barua pepe yako ya Microsoft. Andika jina kamili ukianza na la kifaa: SEVA\nmwakyusa, ukiweka jina halisi la NAS yako badala ya SEVA.

Ya nne inachanganya hata mafundi. Windows hairuhusu kompyuta moja kuunganishwa na kifaa kilekile kwa majina mawili tofauti kwa wakati mmoja. Inatoa kosa namba 1219. Kwa mfano mwenzako alifungua folda ya picha kwa jina lake asubuhi, wewe mchana unataka folda ya mikopo kwa jina lako. Fungua dirisha la amri, andika

net use * /delete

kisha ukubali. Miunganisho yote itakatika, uanze upya kwa jina moja. Hakikisha kwanza hakuna faili lililo wazi.

Ya tano, umeshakosea mara nyingi na NAS imeifungia anwani yako ya IP. Hapo hata nenosiri sahihi halisaidii. Msimamizi aingie kutoka kompyuta nyingine, aangalie orodha ya anwani zilizofungiwa, akutoe. Usizime ulinzi huo kwa hasira. Ndio unaomzuia anayejaribu maneno elfu kumi usiku.

Ukimaliza hayo yote na bado, angalia kibodi kama nilivyoeleza juu, kisha saa.

Saa inahusianaje na kuingia?

Inahusiana sana. Umeme ukikatika na kurudi, NAS ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa huamka ikiamini ni mwaka mwingine kabisa. Tukuyu na pande za Rungwe, msimu wa mvua, umeme unaweza kwenda na kurudi mara kadhaa kwa siku, tena na radi juu yake. Namba za hatua mbili, zile zinazotolewa na simu ili uziandike baada ya nenosiri, zinahesabiwa kwa saa. Saa ikipishana, namba ni sahihi kwenye simu na ni kosa kwenye kifaa. Mtandao wenye Active Directory, yaani orodha moja ya watumiaji ya mtandao mzima, hutumia Kerberos, njia ya kuthibitisha watu ambayo kwa kawaida haivumilii tofauti inayozidi dakika 5.

Weka NAS ichukue saa kutoka kwenye intaneti kwa NTP, na eneo la saa liwe la Afrika Mashariki, UTC+3. Kama huoni Dar es Salaam kwenye orodha, chagua Nairobi, ni saa ileile. Na nunua UPS, betri ya kushikilia kifaa umeme ukikatika. Hiyo ni gharama ya lazima, iweke kwenye bajeti pamoja na diski.

Baada ya kupata kompyuta mpya folda haifunguki, wakati zamani ilifunguka bila hata kuuliza nenosiri.

Zamani NAS yako ilikuwa inapokea "mgeni", yaani mtu yeyote asiye na jina. Microsoft imekuwa ikiufunga mlango huo hatua kwa hatua, na Windows 11 toleo la 24H2 imekaza zaidi. Vilevile SMB ya toleo la kwanza, lugha ya zamani ambayo Windows ilitumia kuzungumza na folda za mtandao, haiwekwi tena kwenye Windows mpya tangu matoleo ya mwisho wa 2017. Hiyo ndiyo lugha ambayo dosari yake ilitumiwa na kirusi cha WannaCry mwezi Mei 2017, kikafunga kompyuta za hospitali Uingereza na ofisi nchi nyingi.

Utakuta video zinazokufundisha kubadilisha rejista ya Windows ili mgeni aruhusiwe tena. Zinafanya kazi, na ndiyo sababu zinaniudhi. Unafungua kompyuta mpya ili iendane na uzembe wa kisanduku cha zamani. Fanya kinyume: ingia kwenye NAS, weka SMB 2 iwe ya chini kabisa na SMB 3 iwe ya juu, zima mgeni, mpe kila mtu akaunti. Ni kazi ya mchana mmoja.

Mashine yetu ya fotokopi inaskani kwenye folda ya NAS, nayo inajua SMB ya kwanza tu.

Tafuta kwanza kama mtengenezaji ana sasisho la mashine hiyo. Kama hana, mashine nyingi zinajua pia FTP, njia nyingine ya kutuma mafaili. Washa FTP kwa mtandao wa ndani tu, tengeneza akaunti iitwayo "skana", ipe folda moja tu, na nenosiri lake lisifanane na jingine lolote, kwa sababu FTP ya kawaida hulipitisha wazi bila kulifumba. Akaunti hiyo isiwe na ruhusa ya kufungua ukurasa wa usimamizi.

Uthibitishaji wa hatua mbili unahitaji bando?

Hauhitaji. Hofu hii ndiyo inayowafanya wengi waukatae. Programu kwenye simu na NAS vinashirikiana siri moja mlipoanza, kisha kila upande unahesabu namba ya tarakimu 6 kwa kutumia siri hiyo na saa. Namba inabadilika kila sekunde 30. Simu inaweza kuwa haina laini kabisa, ikatoa namba sahihi.

Lakini elewa inalinda nini. Inalinda ukurasa wa usimamizi na programu za NAS unazofungua kwa kivinjari au simu. Hailindi ile diski Z unayoifungua kwenye Windows. SMB inauliza jina na nenosiri tu. Nimekuta ofisi yenye hatua mbili kwa wote, huku nenosiri la kila mmoja ni namba yake ya simu, wakiamini wako salama.

Kwa akaunti za usimamizi iwe lazima. Chapisha namba za dharura, zifungie kwenye bahasha, ziwekwe kwenye sefu. Simu huibwa stendi, huanguka ndooni, na wakati mwingine huondoka na mwenye nayo akihamia Dodoma.

Tunahitaji Active Directory au LDAP?

Hizo ni njia za kuweka akaunti za watu wote sehemu moja kwa mtandao mzima. Watu chini ya kumi na tano, NAS moja, hapana. Akaunti za ndani ya NAS zinatosha. Chuo chenye maabara za kompyuta ambako mwanafunzi anakaa mashine yoyote, hapo ndiyo, maana hutaki kutengeneza jina lilelile mara arobaini. Programu ya Samba tangu toleo la 4 inaweza kufanya kazi ya seva ya domeni, yaani ile inayotunza akaunti hizo, bila leseni ya Windows Server.

Ukiunganisha NAS na domeni ikagoma, kabla ya kitu kingine angalia DNS ya NAS, yaani inakoulizia anwani za majina ya kompyuta. Lazima ielekee kwenye seva ya domeni, siyo kwenye ruta. Mara nyingi ni hilo, na likishindikana ni saa. Kwa LDAP, usitumie poti (mlango wa mtandao) 389 bila ufumbaji. Tumia 636 au StartTLS, ambazo hufumba, la sivyo nenosiri za chuo kizima zinapita wazi kwenye nyaya.

Studio yetu inatumia Linux na NFS. Mbona haituulizi nenosiri?

Kwa sababu NFS ya kawaida, njia ya Linux ya kufungua folda za mtandao, haiulizi. Inaangalia anwani ya IP ya kompyuta, kisha inaamini namba ya mtumiaji ambayo kompyuta imeitaja. Mtu mwenye laptopu yake anaweza kujipa namba yoyote. Bana anwani zinazoruhusiwa, acha root_squash, inayomnyima msimamizi wa kompyuta nyingine mamlaka kwenye NAS, ikiwa imewashwa, na folda zenye siri zipitishe SMB au NFS yenye Kerberos.

Bosi yuko Dar na anataka kufungua mafaili kutoka huko. Nifungue poti kwenye ruta?

Usifungue. Mwezi Aprili 2021 wahalifu wa Qlocker waliingia kwenye QNAP zilizokuwa wazi kwenye intaneti, wakafungasha mafaili ya watu kwa 7-Zip yenye nenosiri na kudai malipo. Januari 2022 ikaja DeadBolt. Waliingilia kwenye dosari za programu za kifaa. Kwa maneno mengine, hata aliyekuwa na nenosiri la maneno kumi aliibiwa, kwa sababu mwizi hakupita getini, alipita ukutani.

Tumia VPN, njia iliyofumbwa ya kuingia kwenye mtandao wa ofisi ukiwa mbali. WireGuard kwenye ruta inayoiweza, au Tailscale kwenye NAS na kwenye laptopu ya bosi. Hiyo ya pili ina faida moja hapa kwetu: ofisi nyingi zinatumia intaneti ya laini ya simu, ambayo mara nyingi haikupi anwani yako mwenyewe ya nje, kwa hiyo hata ukifungua poti hakuna kinachofika. Tailscale inalikwepa hilo. Bosi ataingia kwa akaunti yake ileile ya ofisini, yenye ruhusa zilezile. Akikuambia yeye ni bosi apewe ya usimamizi, mwonyeshe ile karatasi mliyochora pamoja.

Mfanyakazi ameacha kazi. Nifute akaunti yake?

Izime kwanza, siku anayoondoka, ikiwezekana saa anayokabidhi funguo. Kuifuta subiri miezi mitatu, mpaka mafaili yake yamehamishwa na hakuna anayeuliza. Ukifuta mapema, mafaili hubaki na mmiliki ambaye ni namba tu, na daftari linakuwa gumu kusoma. Angalia pia kama hakuna kompyuta nyingine iliyokuwa inafanya bekapu kwa jina lake. Hizo hufa kimya na utagundua siku unahitaji bekapu. Badilisha nenosiri la waifai kama alikuwa nalo, naye bila shaka alikuwa nalo.

Kwa wanafunzi wa mafunzo ya vitendo, Synology inakuruhusu kuweka tarehe ya akaunti kujizima. Iweke siku ileile unapoitengeneza.

Aliyekuwa msimamizi ameondoka na nenosiri, au tumelisahau. Data imepotea?

Haijapotea. Kwenye Synology kuna kitundu kidogo cha kurejesha. Ingiza kijiti, bonyeza kwa sekunde 4 mpaka usikie mlio mmoja, achia. Hiyo inarudisha akaunti ya "admin" na mipangilio ya mtandao, mafaili hayaguswi. QNAP ni sekunde 3. Ukishikilia QNAP mpaka sekunde 10 unarudisha mipangilio mingi zaidi ya mfumo, kwa hiyo hesabu kwa sauti na uachie. Kama kuna folda iliyofumbwa kwa ufunguo wake, kitundu hakitakusaidia. Bila ufunguo, folda hiyo ndiyo basi tena.

Sasa fikiria ulichosoma hivi punde. Mtu yeyote mwenye kijiti cha kuchokolea meno na sekunde 4 anakuwa msimamizi wa mafaili yenu yote. NAS iliyo juu ya kaunta ya mapokezi, karibu na chupa ya chai, haina nenosiri. Iweke kwenye kabati lenye kufuli na matundu ya hewa. Baridi ya Makambako mwezi Julai haiisumbui. Vumbi linaisumbua, na kabati lisilopitisha hewa linaisumbua zaidi.

Fundi, unaweza kutukagulia kwa mbali? Nikutumie nenosiri kwa WhatsApp?

Kukagua naweza. Nenosiri lako usinitumie, wala mimi wala fundi mwingine. Nifungulie akaunti ya jina langu, uipe tarehe ya mwisho ya kesho jioni, kisha nitumie mwaliko wa VPN. Jina la akaunti nitumie kwa ujumbe, nenosiri la muda nipigie simu unitajie. Nikimaliza nitakujulisha, uizime mbele yangu tukiwa bado kwenye simu, halafu ufungue daftari uone niligusa nini.